Jiji Moja, Halmashauri Tano: Nani Anawajibika kwa Dar es Salaam?

Mkazi wa Mbagala akiulizwa anaishi wapi, atasema anaishi Jiji la Dar es Salaam, na hakuna jirani atakayembishia. Mpangilio wa serikali unasema vingine. Tangu Februari 2021, chombo kinachoitwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, na mamlaka yake yanakomea kwenye mipaka ya wilaya hiyo. Mbagala ni ya Manispaa ya Temeke. Kimara ni ya Ubungo, Mwenge ni ya Kinondoni, Kibada ni ya Kigamboni. Meya wa Jiji hana amri juu ya mtaro hata mmoja wa Tandale.

Mkanganyiko huo huwa mkali zaidi wakati wa masika. Mtaro umeziba, maji yameingia ndani, taka zimesombwa na kutapakaa barabarani. Mwananchi anakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye anamwelekeza kwa mtendaji wa kata. Akimfikia diwani, anaelezwa kuwa barabara na mifereji yake iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kuwa ile barabara kuu ya pembeni ni ya TANROADS, kuwa bomba lililopasuka ni la DAWASA, na kuwa mkandarasi wa taka ana mkataba na halmashauri. Hakuna jibu la uongo hapo. Tatizo ni kwamba mwananchi anamaliza mzunguko bila kumpata mtu anayeweza kuulizwa kwa niaba ya jiji zima.

Hoja zinazosikika katika mabaraza ya madiwani, vyombo vya habari na vijiwe ni nyingi. Wapo wanaotaka Halmashauri ya Jiji ya zamani irudi. Wengine wanataka manispaa zote zifutwe, jiji liwe na mamlaka moja. Na wapo wanaoona mfumo uliopo unatosha ukisimamiwa vizuri. Kila upande una hoja ya maana, na kila upande una jambo usilopenda kulitaja.

Chombo kinachovunjwa na kurudishwa

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na kuwa jiji mwaka 1961. Tangu hapo halmashauri yake haijawahi kukaa muda mrefu bila kupanguliwa na Serikali Kuu.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1970, chini ya sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972. Halmashauri zilifutwa nchi nzima na kazi zake zikahamishiwa kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia iliyotangazwa ilikuwa kusogeza madaraka karibu na wananchi, ila yaliyosogea yalikuwa madaraka ya wizara. Huduma za mijini zilizorota kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikafuata sheria ambazo, pamoja na marekebisho mengi, bado ndizo msingi wa serikali za mitaa Tanzania Bara. Katiba nayo, katika ibara za 145 na 146, inataka viwepo vyombo vya serikali za mitaa na inaeleza kuwa madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mara ya pili ilikuwa 1996. Wakati huo takataka zilikuwa zimelundikana katikati ya mji, barabara zimejaa mashimo, na Halmashauri ya Jiji imelemewa. Serikali ililivunja baraza la madiwani na kuunda Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Tume ilifanya kazi hadi mwaka 2000. Ilipanua utaratibu wa kuwapa kampuni binafsi na vikundi vya wananchi kazi ya kuzoa taka, ikaongeza makusanyo, na mpaka leo wakazi wengi wa umri wa makamo wanaikumbuka kwa usafi wa mji. Hata hivyo, kwa miaka hiyo minne wakazi wa jiji kubwa kuliko yote nchini hawakuwa na diwani wa kumwendea.

Tume iliacha muundo mpya: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji yenye kazi ya kuratibu mambo yanayovuka mipaka. Mwaka 2016 manispaa zikawa tano baada ya kuzaliwa Ubungo na Kigamboni. Halmashauri ya Jiji haikuwa na kata zake. Baraza lake liliundwa na wajumbe waliotoka kwenye mabaraza ya manispaa pamoja na wabunge. Mikononi mwake lilikuwa dampo la Pugu Kinyamwezi, stendi ya mabasi ya mikoani, jengo la Machinga Complex na miradi mingine ya kibiashara.

Siasa za vyama nazo ziliingia. Uchaguzi wa 2015 uliwapa wapinzani walioungana chini ya UKAWA nguvu kubwa katika mabaraza ya Dar es Salaam. Uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa mara kadhaa kabla ya Isaya Mwita wa Chadema kuchaguliwa Machi 2016. Januari 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani iliyozua ubishi mkubwa.

Februari 24, 2021, Rais John Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Hoja zilihusu gharama na muundo: kwa nini kuwe na baraza lisilo na wananchi wake, linalobebwa na manispaa zenye wananchi? Siku hiyohiyo alizindua Stendi ya Mbezi Luis, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 50 uliojengwa na halmashauri ileile iliyokuwa inavunjwa.

Ni rahisi kuusoma uamuzi huo kama ushindani wa vyama, lakini usomaji huo hautoshi. Baada ya uchaguzi wa 2020 CCM ilikuwa imekwisha kuyatwaa mabaraza yote ya Dar es Salaam, kwa hiyo hakukuwa na mpinzani wa kuondolewa ofisini. Maelezo ya kina zaidi yako kwenye udhaifu wa chombo chenyewe. Kilikuwa na jina kubwa, kazi nyingi na fedha chache, na hakuna mpigakura aliyeweza kusema ndiye aliyekichagua.

Nani anafanya nini

Kinachopotea katika mabishano mengi ni kwamba madaraka ya mji yalianza kuhama kabla ya 2021.

Barabara za mitaa zilitoka halmashauri kwenda TARURA mwaka 2017. Wakala huo upo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na meneja wake hawajibiki kwa baraza la madiwani. Maji na majitaka ni ya DAWASA. Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016 yanasimamiwa na DART, na njia za daladala hupangwa na LATRA. Wakuu wa mkoa na wilaya huteuliwa na Rais, na wakurugenzi wa majiji na manispaa vilevile. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Diwani, ambaye ndiye pekee katika mnyororo huo aliyepigiwa kura na wakazi wa kata, hubakiwa na kazi za usafi, masoko, leseni, vibali vya ujenzi, shule za msingi na sekondari, zahanati, na kupitisha bajeti ambayo sehemu kubwa hufuata miongozo kutoka juu.

Hata kazi hizo zina wasimamizi wengi. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 30, swali la nani alipaswa kulizuia lilikuwa na majibu mengi. Vibali vya ujenzi hutolewa na halmashauri, wakandarasi na wahandisi husajiliwa na bodi za kitaifa, na uchunguzi ulikabidhiwa kamati iliyoundwa na Waziri Mkuu.

Uhamisho wa barabara una pande mbili. Waliouunga mkono walionyesha kuwa halmashauri nyingi zilikuwa na wahandisi wachache, mikataba iliyogawanywa kwa upendeleo na barabara zilizochongwa kumfurahisha diwani fulani. TARURA ilileta utaalamu wa pamoja. Mwaka 2021 iliongezewa pia chanzo cha uhakika, tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kwa upande mwingine, barabara na mfereji haviwezi kutenganishwa na taka. Halmashauri ikichelewa kuzoa, mfereji wa TARURA unaziba. TARURA ikijenga mfereji usio na mwisho, maji yanaishia kwenye nyumba za watu wa diwani. Kila taasisi inaweza kutimiza mpango kazi wake wa mwaka na mtaa ukabaki umejaa maji.

Fedha ziko wapi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ilala ilikuwa na 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Miaka kumi kabla, mkoa ulikuwa na watu 4,364,541. Ongezeko la watu zaidi ya milioni moja limekwenda zaidi pembezoni: Chanika, Chamazi, Mbezi, Goba, Bunju. Fedha hazikwenda huko.

Chanzo kikuu cha halmashauri za mijini ni ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ya biashara, pamoja na leseni na ada mbalimbali. Ushuru huo hufuata biashara ilipo. Kampuni yenye ofisi Posta huilipa Ilala, na maduka ya Kariakoo vilevile. Wafanyakazi wa ofisi hizo na wachuuzi wa maduka hayo wanalala Mbagala, Kimara na Kigamboni, ambako ndiko wanakozalisha taka, wanakotumia zahanati na wanakosomesha watoto. Ndiyo maana Ilala ni miongoni mwa halmashauri zinazoongoza nchini kwa mapato ya ndani, ilhali jirani zake wanahangaika na mahitaji ya watu walewale. Kumpa tajiri wa familia jina la jiji kulikuwa na mantiki ya kihesabu. Hakukumpa wajibu wa kuwasaidia ndugu zake.

Kodi ya majengo ingeweza kupunguza pengo hilo, maana inatozwa pale watu wanapoishi. Historia yake inasikitisha. Dar es Salaam ilinyang'anywa ukusanyaji wake mwaka 2008 ukapewa Mamlaka ya Mapato (TRA), ukarudishwa kwa halmashauri mwaka 2014, kisha mwaka 2016 ukarudi TRA kwa nchi nzima. Badala ya thamani ya jengo, vikaja viwango sawa kwa wote. Tangu Julai 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme, kwa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye 1,500.

Utaratibu wa LUKU una sifa yake, na si haki kuudharau. Ni nafuu kuusimamia, hauhitaji mkusanyaji wa kubisha hodi, na umewafikia wenye nyumba ambao hawakuwahi kulipa. Ubaya wake ni mkubwa zaidi. Nyumba ya vyumba viwili Manzese na jumba la chini la Masaki hulipa kiasi kilekile, na mpangaji aliyenunua umeme hujikuta amelipa kodi ya mwenye nyumba. Zaidi ya yote, mlipaji haoni uhusiano kati ya makato yale na mtaro wa mbele ya nyumba yake. Mwananchi anayelipa kodi kwa halmashauri ana sababu ya kuhudhuria mkutano wa mtaa na kudai hesabu. Anayekatwa kwenye umeme hana pa kuuliza.

Hoja ya kuirudisha Halmashauri ya Jiji

Watetezi wa chombo cha zamani wana ushahidi ulio wazi kwenye ramani. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, nje kabisa ya mkoa. Unapita na kupokea mito midogo kutoka Ubungo, Ilala na Kinondoni, kisha unamwaga baharini karibu na daraja la Selander. Kiwanja kinachojazwa kifusi juu ya mto huamua nyumba ipi itafurika Jangwani au Kigogo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu na kulazimisha familia za bondeni kuhamishiwa Mabwepande, upande mwingine wa jiji. Hakuna manispaa iliyoweza kushughulikia maafa yale peke yake, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa Jangwani baadaye nacho kimefurika zaidi ya mara moja.

Taka zinasimulia jambo hilohilo. Dampo kuu liko Pugu Kinyamwezi, ndani ya Ilala. Magari kutoka Kinondoni na Ubungo husafiri mwendo mrefu kwenye foleni kufika huko, na gharama ya safari ndiyo inayoamua kama mkandarasi atapita mtaani mara mbili kwa wiki au mara moja kwa wiki mbili. Kinondoni imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, hatua nzuri inayopunguza mzigo. Lakini suala la dampo lijalo litakaa wapi haliwezi kujibiwa na baraza moja, kwa sababu hakuna diwani atakayelikubali katani kwake kwa hiari. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Walikuwa na haki. Dampo lilipoondoka Tabata, tatizo lilihamia kwa wengine.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye rekodi ya chombo chenyewe. Machinga Complex, iliyojengwa Ilala kwa mkopo wa NSSF na kufunguliwa mwaka 2010 ikiwa na nafasi za wafanyabiashara zaidi ya 4,000, ilikaa miaka mingi bila kujaa huku deni likikua. Wamachinga walisema tangu mwanzo kuwa mteja hapandi ghorofa kutafuta soksi. Uratibu wa manispaa ulitegemea hiari ya manispaa zenyewe. Jiji lilipoitisha kikao, manispaa ilituma mjumbe, lakini haikulazimika kutuma fedha. Kuirudisha halmashauri ileile, kwa sheria ileile, ni kurudisha ofisi, magari na posho, na kusubiri ivunjwe tena.

Hoja ya mamlaka moja: Nairobi na Kampala

Wanaotaka jiji moja lenye hazina moja hutazama kwa majirani. Tangu mwaka 2013 Kaunti ya Jiji la Nairobi ina gavana anayechaguliwa moja kwa moja na wakazi wote, na bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi 85 pamoja na walioteuliwa. Kodi ya ofisi za Upper Hill inaweza kujenga barabara ya Kayole, kwa sababu mfuko ni mmoja. Na taka zikizagaa, kila mkazi wa Nairobi anajua jina la kulaumu.

Faida hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Lakini Nairobi inaonyesha pia kuwa jiji likiwa na sauti yake, Serikali Kuu huwa haikai kimya. Februari 2020 Gavana Mike Sonko, akikabiliwa na kesi za ufisadi, alisaini kuikabidhi Serikali ya Kitaifa kazi za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango. Ikaundwa Nairobi Metropolitan Services chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, ikafanya kazi hadi mwaka 2022. Barabara na zahanati kadhaa zilijengwa kwa kasi, ila bunge la kaunti lilipoteza uwezo wa kuhoji sehemu kubwa ya fedha za jiji. Na jalala la Dandora, lililotangazwa kujaa miaka mingi iliyopita, liliendelea kupokea taka katika vipindi vyote viwili.

Kampala ilichukua njia nyingine. Sheria ya 2010 iliunda KCCA, mamlaka inayoendeshwa na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, pembeni yake akiwepo Lord Mayor anayechaguliwa na wananchi. Chini ya Jennifer Musisi, mkurugenzi wa kwanza, makusanyo yaliongezeka sana na barabara nyingi zikawekwa lami. Katika miaka hiyohiyo, mvutano kati yake na Lord Mayor Erias Lukwago ulifika mahakamani, Lukwago akaondolewa kwa kura mwaka 2013 na kugombania kiti chake kwa miaka. Mamlaka moja haikuzuia maafa: Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30 waliokuwa wakiishi kandokando yake. Rais Yoweri Museveni aliwafukuza kazi viongozi wa KCCA, akiwemo mkurugenzi mtendaji.

Kwa Dar es Salaam somo la Kampala ni zito, kwa sababu muundo wake unafanana sana na Tume ya Keenja: mtaalamu aliyeteuliwa anaweza kufanya haraka yale ambayo baraza linayajadili kwa miaka. Ila akikosea, wakazi hawana njia ya kumwondoa, na akifanya vizuri, kazi yake inategemea atakayemrithi na aliyemteua. Mafanikio ya Tume yalianza kufifia mara tu manispaa zilipoanza kujitegemea, maana hakukuwa na sheria iliyoyafunga.

Kuunganisha halmashauri tano kuwa moja kuna gharama nyingine ambayo hutajwa mara chache. Diwani wa Kigamboni angekuwa sauti moja katika baraza la zaidi ya madiwani mia, huku kata zake zikishindania bajeti na Kariakoo na Masaki. Umbali kati ya mkazi na meza ya uamuzi ungeongezeka.

Hoja ya kuacha mambo yalivyo

Wanaotetea mfumo wa sasa husema uratibu upo tayari, na uko kwa Mkuu wa Mkoa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa kamati ya ushauri ya mkoa inayowakutanisha wakuu wa wilaya, wakurugenzi na viongozi wa halmashauri. TARURA, DAWASA na DART zote zina sababu ya kumsikiliza.

Mwaka 2021 ulionyesha nguvu ya njia hii. Katika operesheni ya kuwapanga wamachinga, agizo la Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, liligusa halmashauri zote tano kwa pamoja, na kufikia Novemba barabara kadhaa zilizokuwa zimejaa vibanda zilipitika. Baraza la madiwani lisingethubutu, kwa kuwa wamachinga ni wapigakura wake.

Hapohapo ndipo ulipo udhaifu. Miaka mitatu tu kabla yake, vitambulisho vya shilingi 20,000 viligawiwa kwa wafanyabiashara wadogo na maofisa wakaambiwa wasiwabughudhi. Sera mbili zinazopingana zilishuka kutoka juu katika muda mfupi, na katika zote mbili mabaraza ya madiwani, ambayo kisheria ndiyo yenye masoko na sheria ndogo za biashara, yalikuwa watekelezaji. Mama aliyekuwa akiuza mboga pembeni mwa barabara alipoteza mtaji, na aliyefanya uamuzi hakuwa mtu ambaye angekuja kumwomba kura. Uratibu wa amri unafaa kwa dharura. Kupanga dampo, bonde la mto na matumizi ya ardhi kwa miaka 20 kunahitaji chombo ambacho hakibadiliki kila uteuzi unapobadilika.

Miradi ya mikopo imejaribu kuziba pengo. DMDP, mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam ulioanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 mwaka 2015, umejenga barabara, mifereji na masoko katika maeneo ya watu wa kipato cha chini. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022, unalenga kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani. Hii ni kazi ya thamani kubwa. Lakini mradi una mwisho wake. Mfereji uliojengwa kwa mkopo unahitaji mtu wa kuutoa mchanga kila mwaka baada ya mkopo kwisha, na bajeti ya kuutoa mchanga haina mwenyewe.

Mizani

Zikiwekwa pamoja, hoja zote tatu zinagombania umbo la chombo, ilhali mambo mawili yana uzito zaidi: fedha zinatoka wapi, na nani anaweza kuondolewa kwa kura kazi ikishindikana. Halmashauri ya Jiji ya zamani ilikosa yote mawili. Mamlaka ya aina ya Kampala ina fedha bila kura. Mfumo wa sasa una kura kwenye kata, ambako hakuna fedha, na fedha kwenye wakala, ambako hakuna kura.

Njia inayoelekea kufaa ni chombo cha mkoa mzima chenye kazi chache zilizotajwa kwa majina katika sheria: dampo na usafirishaji wa taka za mwisho, mito na mifereji mikuu, mpango wa matumizi ya ardhi, masoko makubwa na stendi, pamoja na kauli rasmi katika njia za usafiri. Yaliyobaki, kuanzia shule hadi leseni za genge, yabaki manispaa na yasogezwe hata chini zaidi, kwenye kata na mtaa. Chombo hicho kipewe fungu maalumu la ushuru wa huduma wa halmashauri zote tano, ili Kariakoo ichangie mfereji wa Mbagala bila kuombwa.

Ugumu mkubwa uko kwa kiongozi wake. Meya anayechaguliwa na wapigakura wote wa Dar es Salaam angewakilisha karibu mtu mmoja kati ya kila Watanzania kumi na mmoja, wananchi wengi kuliko hata wanaoongozwa na Rais wa Zanzibar. Hakuna serikali, ya chama chochote, ambayo ingekaribisha kwa urahisi kiongozi wa namna hiyo katika jiji lenye bandari kuu na sehemu kubwa ya mapato ya taifa. Kigugumizi hiki kinaeleza miaka hamsini ya kuvunja na kurudisha vizuri zaidi kuliko hoja yoyote ya gharama. Ni hofu inayoeleweka, na inapaswa kujadiliwa waziwazi katika mjadala wa katiba, badala ya kufichwa nyuma ya hesabu za posho za vikao.

Mengine hayahitaji kusubiri katiba. Kodi ya majengo inaweza kuwekwa kikamilifu mikononi mwa halmashauri kwa marekebisho ya sheria ya fedha, mfumo wa LUKU ukabaki kama njia ya malipo tu, na viwango vikatofautisha Manzese na Masaki. Halmashauri tano zinaweza kuunda kamati ya pamoja ya taka yenye bajeti inayochapishwa, ikaanza na swali la dampo la pili upande wa kaskazini ili magari ya Bunju na Goba yasivuke jiji zima. Na mameneja wa TARURA wanaweza kutakiwa kupeleka mpango wao wa mwaka kwenye baraza la madiwani kabla ya kuidhinishwa, ili diwani awe na la kujibu mvua zikianza.